Sura ya 4: Moja Mkononi, Mengine Daftarini

Mwaka niliotimiza miaka 14 nilipelekwa Tanga kumsaidia shangazi yangu kumaliza kazi za Idi. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa Ngamiani, kwenye nyumba yenye baraza ndefu ya saruji. Nilifika siku ya 17 ya Ramadhani. Nikazihesabu nguo zilizokuwa zinasubiri: 43. Mashati ya watoto, magauni, kanzu, sketi, suruali za kupunguza. Cherehani ilikuwa moja, ya miguu. Pasi ilikuwa moja, ya mkaa. Na wateja walikuwa bado wanakuja.

Aliyekaa pwani anazijua siku hizo. Kitambaa huchelewa kufika kwa fundi kwa sababu pesa nazo zimechelewa. Mama anaingia na mfuko wa plastiki, anatoa mita mbili za kitambaa na kusema, "Fundi, yangu ndogo tu." Nyuma yake yupo mwingine, na yake pia ni ndogo tu. Ndogo ishirini zikikusanyika zinakuwa mzigo wa kuvunja mgongo, na kila mwenye yake anaamini kwamba ameleta kazi ya dakika chache.

Usiku wa siku ya 22, baada ya tarawehe, shangazi alinipa kazi ya kukata mikono ya shati la mtoto wa miaka saba. Kitambaa kilikuwa kidogo, chenye mistari ya buluu upande mmoja tu. Hakikutosha kukunjwa ili mikono yote miwili ikatwe kwa pamoja. Ilibidi nikate mkono mmoja, niigeuze karatasi ya mfano, kisha nikate wa pili. Nikakata wa kwanza. Nilipoanza wa pili nilikuwa nawaza kanzu ya mzee wa jirani ambayo vifungo vyake havijapatikana, na gauni ambalo mwenyewe angelifuata asubuhi, na pasi ambayo mkaa wake ulikuwa unazimika. Sikuigeuza karatasi. Nilipoilaza mikono ile mezani, yote miwili ilikuwa ya kushoto, na kitambaa kilikuwa kimekwisha.

Shangazi hakunigombeza. Alisimamisha cherehani, akaja mezani, akaitazama mikono ile kwa muda.

"Ulikuwa unakata nini, mwanangu?"

"Mkono wa shati, shangazi."

"Mikono yako ndiyo iliyokuwa inakata. Wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

Nimelibeba swali hilo maisha yangu yote. Nimelikumbuka nikiwa mwanafunzi mwenye mitihani mitatu kwa wiki moja, nikiwa mwajiriwa mwenye ripoti mbili za kukabidhi siku moja, na nikiwa mzazi niliyekaa wodini na mtoto huku simu za kazini zikiita. Wakati wa kazi nyingi, mwili unaweza kuwa mezani tangu asubuhi hadi usiku, na mwenyewe asiwepo. Sura hii ni juu ya namna ya kuwepo.

Kichwa si kabati

Tukibanwa na mambo mengi, wengi wetu hujaribu kuyashika yote kichwani. Tunaogopa kwamba tukiliacha moja kidogo litapotea. Kwa hiyo tunafanya hili huku tunalikariri lile, na njia nzima ya kwenda kazini tunarudia orodha ileile kama mtoto aliyetumwa dukani vitu vitano bila karatasi.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha majaribio yaliyoonyesha gharama ya tabia hiyo. Mtu akiiacha kazi moja na kuanza nyingine, akili yake haihami yote kwa mara moja. Sehemu inabaki kwenye kazi ya kwanza, hasa kama imeachwa haijaisha, na kazi ya pili inafanywa na akili iliyopungua. Leroy aliyaita hayo mabaki ya umakini. Wazee wetu walilijua jambo hilo bila maabara waliposema mshika mbili moja humponyoka. Utafiti unatuongezea neno moja la kuogofya: hata ile inayobaki mkononi hushikwa kwa ulegevu.

Sasa, mabaki hayo yanaondoka vipi? Jibu la haraka ni kumaliza kila kitu, lakini mwenye nguo 43 hawezi kumaliza kila kitu usiku wa leo. Hapa ndipo matokeo ya wanasaikolojia wawili, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, yaliyochapishwa mwaka 2011, yanapotia moyo. Waliwakumbusha watu mambo yao muhimu ambayo hawajayamaliza, kisha wakawapa maandishi ya kusoma. Watu hao walisumbuliwa na mawazo ya yale mambo walipokuwa wakisoma. Lakini waliopewa nafasi ya kupanga waziwazi ni lini na kwa njia gani watayafanya, walisoma kwa utulivu. Kazi zao zilikuwa hazijafanywa hata moja. Zilikuwa zimepangiwa mahali, na akili ikakubali kuziachia.

Shangazi hakuwahi kusikia majina hayo, lakini alikuwa na daftari la kurasa 96 lenye jalada lililolika kona. Kila nguo ilikuwa na mistari yake: jina la mwenyewe, vipimo, siku ya kuchukuliwa, na mwisho, kwa kalamu nyekundu, hatua inayofuata. Hakuandika "gauni la mama fulani." Aliandika "kesho baada ya adhuhuri, zipu." Hakuandika "kanzu." Aliandika "vifungo, mtume kijana sokoni Jumamosi." Kila mara kitu kilipomjia kichwani akiwa anashona, alifika mwisho wa mshono, akaandika neno moja, akarudi. Ukimwuliza habari ya nguo nyingine wakati ule, alikujibu bila kuinua macho: "Ipo daftarini. Sasa hivi nashona kola."

Utulivu wake ulitoka hapo. Hakuwa na kazi chache kuliko mafundi wenzake, ila alikuwa na mahali pa kuaminika pa kuziweka, nje ya kichwa chake. Daftari lako linaweza kuwa la shilingi mia chache au likawa ndani ya simu. Masharti ni mawili tu: liwe moja, na kila unachokiandika kiwe na kitendo na saa. "Mtihani wa Jiografia" ni mzigo. "Leo saa mbili usiku, maswali mawili ya ramani" ni kazi.

Chumba cha upasuaji cha Ifakara

Huenda ukasema haya yanamfaa fundi wa nguo, lakini kazi yako wewe ni ya haraka zaidi na haina nafasi ya kuandikaandika. Basi nikupeleke mahali ambapo mkono ukikata vibaya hakuna kitambaa cha akiba.

Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilifanya jaribio katika hospitali za miji minane. Ilikuwemo miji mikubwa kama London, Toronto na Manila, na ulikuwemo mji wetu wa Ifakara, bonde la Kilombero, ambako Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilishiriki. Daktari mpasuaji Atul Gawande na wenzake walitaka kujua kama karatasi moja yenye vipengele 19 ingepunguza madhara ya upasuaji. Karatasi ile inawasimamisha watu mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Inauliza mambo ambayo kila daktari anayajua. Huyu ni mgonjwa yuleyule? Upande ni upi? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Pamba na vifaa vimehesabiwa vikatimia? Kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Wagonjwa walikuwa 7,688, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa kabla ya karatasi kuanza kutumika na waliosalia baada yake. Waliopata madhara makubwa walishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Waliofariki hospitalini walishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hospitali zilikuwa zilezile. Kilichoongezeka ni vituo vitatu vya kusimama na kuuliza: tupo sote hapa?

Haki inataka niseme na upande wa pili. Mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichunguza hospitali 101 zilizoanza kutumia karatasi kama hiyo na hawakuona upungufu wa maana wa vifo wala madhara. Wengi waliojadili matokeo hayo walisema kuna tofauti kati ya kuitumia karatasi na kuijaza. Tiki inaweza kuwekwa na mtu ambaye akili yake iko kwenye mgonjwa wa pili. Daftari pia linaweza kujaa hivyohivyo, likawa pambo la meza. Kituo cha kusimama hufaa pale tu mtu anaposimama kweli.

Kwa hiyo jiwekee vituo vyako. Shangazi alikuwa na kimoja ambacho nakiiga hadi leo: kabla ya mkasi kuingia kwenye kitambaa, alikiwekea kiganja, akavuta pumzi, akasema kwa sauti anachokata. "Mkono wa kulia, wa mtoto wa miaka saba." Ilimchukua muda mfupi kuliko kufungua soda. Mimi leo nafanya hivyo kabla ya kutuma barua yenye mambo mazito na kabla ya kulipa fedha kwa simu: nasoma jina la mpokeaji kwa sauti, kisha kiasi.

Mkasi haukati usiku

Ile mikono miwili ya kushoto ilileta sheria mpya. Shangazi alinipa maji ya kunywa, kisha akasema neno ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu mzima: "Na mimi nina kosa langu. Nimekupa mkasi saa ambayo macho yamechoka."

Kuanzia usiku ule hakuna kitambaa kilichokatwa baada ya saa tatu usiku. Kukata kulihamia asubuhi baada ya swala ya alfajiri, wakati tumbo bado lina daku na kichwa ni chepesi. Usiku tuliachia pindo, vifungo na kufumua, kazi ambazo ukikosea unarudia. Alisema mshono hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Sijapata ushauri bora wa kupanga siku yenye shughuli nyingi. Tumezoea kupanga kazi kwa udharura wake, nani anapiga kelele zaidi. Jaribu kuzipanga pia kwa swali hili: nikikosea hapa, narudi? Kazi isiyo na kurudi, kama kusaini, kukata, kupima dozi, kufanya uamuzi juu ya mtu, ipewe saa yako bora. Kazi inayofumulika iende kwenye saa za uchovu. Na usingizi usiuibe ili uongeze saa za kazi, kwa sababu saa unazoziiba usiku unazilipa mchana kwa makosa. Katika siku zile, shangazi alilala kila usiku, hata kama ni kwa saa nne tu kabla ya daku, na akajinyoosha kidogo baada ya adhuhuri. Wenzake walikesha mfululizo. Asubuhi niliwasikia wakifumua.

Joto la Idi

Usiku wa 25 nilimwambia shangazi kwamba moyo unanienda mbio na mikono inatetemeka, naogopa kugusa kitu. Nilitegemea aniambie nitulie. Akaniambia, "Hilo ni joto la Idi, si homa. Mwili wako unajua sikukuu inakuja."

Miaka mingi baadaye nilisoma utafiti wa Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2014. Aliwaweka watu katika hali ya wasiwasi kwa kuwataka watoe hotuba. Baadhi walitakiwa wajiambie kwamba wametulia, wengine wajiambie kwamba wana shauku. Waliojiambia wana shauku walizungumza kwa muda mrefu zaidi, na wasikilizaji wakawaona ni wenye kushawishi zaidi. Sababu yake inaeleweka. Hofu na shauku zote mbili hukimbiza moyo na kuchangamsha damu. Kuutoa moyo unaokwenda mbio hadi kwenye utulivu kamili ni safari ndefu. Kutoka hofu kwenda shauku ni hatua moja, kwa kuwa mwili umekwishafika, kilichobaki ni kuupa jina jingine.

Kuwa na moyo mkunjufu wakati wa shida hakumaanishi kujidanganya. Nguo zilikuwa nyingi kweli, na siku zilikuwa chache kweli. Shangazi hakuwahi kusema mambo ni rahisi. Alinikumbusha tu kwamba mwisho wa pindo hizo kuna watoto waliovaa nguo mpya wakienda kuwapa mkono wa Idi mabibi zao. Mzigo haukupungua, lakini nilikumbuka naubeba kwenda wapi.

Kamba ya zilizokwisha

Chumbani mwake kulikuwa na kamba iliyofungwa kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango. Kila nguo iliyokwisha ilipigwa pasi na kutundikwa pale, mbele ya cherehani, machoni pa mshonaji. Zile zisizoshonwa zilikaa kwenye tenga, nyuma ya kiti. Siku za kwanza nilidhani ni suala la nafasi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amechagua kitu cha kukitazama.

Teresa Amabile na Steven Kramer, katika kitabu walichokitoa mwaka 2011, walichambua karibu kumbukumbu 12,000 za kila siku zilizoandikwa na wafanyakazi 238 wa kampuni saba. Walitaka kujua siku njema kazini inaletwa na nini. Kilichojitokeza kuliko vingine vyote ni kusogea mbele katika kazi yenye maana, hata kwa hatua ndogo. Mtu aliyeona kwamba leo kazi imesogea alirudi nyumbani na moyo mzuri, na moyo huo ulimpa nguvu ya kesho.

Tatizo la siku zenye pilikapilika ni kwamba kilichofanyika hakionekani. Orodha ya kazi hukuonyesha zilizobaki tu, na ukifuta moja zinaingia mbili. Ndiyo maana unahitaji kamba yako. Mwalimu mwenye madaftari 90 ya kusahihisha na ayapange marundo mawili, lile lililokwisha likae mbele yake. Mwanafunzi na aandike kila usiku mambo matatu aliyoyamaliza, yawe madogo kiasi gani. Bandu bandu huisha gogo, lakini mpasua kuni anahitaji kuliona rundo likikua pembeni.

Kukataa ni sehemu ya kazi

Siku ya 20 shangazi alifunga mlango wa kupokea kazi. Siku ya 24 akaja mama mmoja na kitambaa cha mtoto. Alisihi, akaahidi kulipa mara mbili. Mimi nilikuwa tayari kukubali kwa huruma. Shangazi alimkaribisha kiti na kumwambia kwa upole, "Dada yangu, nikiipokea hii, nitakuwa nimewaahidi watoto wawili saa moja. Mmoja wao atalia siku ya Idi, na huenda akawa wa kwako." Akamwelekeza kwa fundi mwingine mtaa wa pili ambaye bado alikuwa na nafasi. Mama yule aliondoka na shukrani.

Najua si kila mtu ana mlango wa kufunga. Aliyeajiriwa hawezi kumwambia mkubwa wake kwamba kazi hazipokelewi tena. Lakini anaweza kumwekea mezani ukweli wote: "Mkuu, nina hizi tatu, na kila moja inahitaji siku nzima. Ningependa unielekeze ipi itangulie." Hilo ni ombi la heshima, na mara nyingi mkubwa mwenyewe hakuwa anajua kwamba ziko tatu. Na ikiwa mzigo umekuwa wa miezi, usingizi umekataa, chakula hakina ladha na furaha imekauka, basi hapo daftari halitoshi. Zungumza na mtu unayemwamini, na nenda kamwone mhudumu wa afya. Kuomba msaada mapema nako ni kuhamisha mkasi kutoka usiku kwenda asubuhi.

Leo usiku

Kabla hujalala leo, chukua karatasi. Andika kila kinachokuzunguka kichwani hadi kiishe, usichague. Kisha kila kimoja kipe kitendo na saa, na visivyo na saa wiki hii vitenge chini, ujue umeviacha kwa hiari. Weka nyota kwenye kile kimoja ambacho ukikosea hakirudi, ukipangie saa yako bora ya kesho. Mwisho, andika vitatu ulivyomaliza leo. Inatosha. Kesho shika kimoja, na kingine kikikuita, kiandike, urudi.

Tulimaliza usiku wa muandamo, redio ya jirani ikitangaza kwamba mwezi umeonekana. Tenga lilikuwa tupu. Kuhusu lile shati, shangazi alikuwa amenituma mwenyewe kwa mama wa mtoto asubuhi ileile ya baada ya kosa, nimweleze ukweli. Nilimwamkia, nikaeleza. Aliniuliza kama linaweza kuwa la mikono mifupi. Shangazi alisema linaweza: kwa kuwa mikono ile ilikuwa mirefu, tungeshuka chini kidogo na kuchonga upya duara la bega. Akanikabidhi mkasi mwenyewe, baada ya alfajiri. Nikaweka kiganja juu ya kitambaa na kusema kwa sauti, "Mkono wa kulia."

Asubuhi ya Idi, tukitoka kuswali, kikundi cha watoto kilitupita mbio kuelekea kwenye pembea. Nililiona shati la mistari ya buluu likipepea katikati yao. Mikono ilikuwa mifupi, na ilikuwa miwili, wa kulia na wa kushoto.